Tumsifu Tegu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tegu wa nguruwe hajawahi kupewa jembe. Huingia na kipande cha kitimoto kisichoiva, hujing'ang'aniza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kwa kulabu za kichwani, kisha hukaa miaka. Hana mdomo wala tumbo. Hula kwa ngozi, na ugali uliotafuna wewe humfikia ukiwa umeshalainishwa. Ana mita kadhaa za uvivu, tena ni mume na mke kwa pamoja: hatumi mshenga, halipi mahari.

Jirani zake tumboni ni bakteria wasiohesabika. Hao angalau wana faida: huchachusha makapi ya dona na maharage, wakatoa asidi zinazowatuliza walinzi wa mwili wasimpige kila apitaye. Kwa maneno mengine, wanalipa kodi ya pango. Tegu halipi senti, na bado anaachwa.

Ila ustadi wenyewe uko kwa watoto wake. Pingili moja iliyokomaa hubeba mayai kama 50,000, nayo hutoka na kinyesi cha mtu. Nguruwe anayezurura akiyala, watoto hupenya utumbo, damu ikawapeleka kwenye misuli na ulimi, na huko kila mmoja hujijengea kifuko cha maji. Mwaka 2004 mtafiti Helena Ngowi na wenzake walichapisha waliyoyaona hapa wilayani Mbulu: kati ya nguruwe 770 waliokaguliwa ndimi, asilimia 17.4 walikuwa na vifuko hivyo. Na ulimi huficha mengi. Nguruwe mwenye vifuko vichache anaweza kukupita ukimwangalia.

Mtu naye akiyala mayai hayo, kwa mkono usiooshwa au mboga iliyoguswa na kinyesi, anashika nafasi ya nguruwe (niwie radhi, ndivyo ilivyo). Vifuko hukaa hata ubongoni. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kifuko hutoa kemikali za kupooza silaha za kinga, hujifunika kingamwili za mwenye nyumba kama mwizi aliyevaa sare ya mgambo, na huzishawishi chembe za kutuliza ziwaambie wenzao warudi kambini. Miaka inapita. Mwenye kichwa analima, anaoa, anakwenda mnadani, hajisikii chochote. Sijaona balozi wa nyumba kumi aliyetunza amani namna hiyo, hapa kata ya Daudi au kwingine.

Kasoro yake ni moja: hufa. Siku kifuko kinapochoka, ulaghai unakoma, walinzi wanashtuka kukuta maiti ya mtu wasiyemjua sebuleni, na wanakuja jeshi zima. Ubongo unavimba, mtu anaanguka kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi alikozoea tegu huyu, kifafa hutokana naye kwa kiasi cha asilimia 30. Majirani husema karogwa. Tegu, kwa unyenyekevu wake, hajitokezi kudai sifa.

Hata kumuua kunataka adabu. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilaya hiihii, wagonjwa wa kifafa wamepigwa picha za CT za kichwa na alama zake zikaonekana kwa baadhi yao. Daktari anayetoa albendazole kwa vifuko vya ubongoni humpa mgonjwa na dawa za steroidi. Si huruma kwa tegu. Ni kuwazuia walinzi wasibomoe nyumba kwa hasira ya kumfukuza marehemu.

Na huyu mheshimiwa hana makuu. Anaomba nguruwe asiyefungwa bandani, watu wanaojisaidia vichakani, na nyama iliyobaki mbichi katikati kwa sababu wanywaji wana haraka. Vitu vitatu tu, visivyo na gharama, na kila mara tunamkirimu bila kuombwa mara mbili.

Ukienda mnadani kununua nguruwe, mvute ulimi kabla ya kulipa. Ukiona punje ngumu kama za mchele, ndiye. Msalimie kwa heshima zake zote, kisha rudisha hela mfukoni.