Petroli Haipigwi Deki

Hapa Singida tone la mafuta ya alizeti halipotei. Likidondoka mezani, mama mwenye nyumba analifuata na tonge la ugali, kwisha. Lakini petroli ikimwagika lita nzima ukumbini, jibu la nyumba nzima ni moja: leteni maji!

Mpangaji mwenzangu ni bodaboda. Pikipiki analaza ndani kwa kuogopa wezi, na mpira wake wa mafuta kaufunga kwa kipande cha raba. Juzi alfajiri raba ikaachia, watoto wakaamshwa wapige deki. Sasa petroli na maji wapi na wapi? Inaelea juu yake na kusafiri nayo, ndiyo maana ilinifikia hadi mlangoni. Mvuke wake nao ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa chini kutafuta moto, na moto ulikuwepo uani.

“Mama, zima hilo jiko.”

“Mwanangu, maharage hayajaiva.”

Kijana wa bodaboda naye, adabu tele: “Shikamoo mzee. Niwashe taa tuone vizuri?” Swichi yenyewe hutoa cheche ukiibonyeza! Nikamwambia aiache, afungue milango na madirisha, upepo wa Singida nao utufae kwa mara moja badala ya kutuletea vumbi tu.

Kinachotakiwa ni mchanga mkavu: unalizungushia dimbwi, unalifunika, ukishafyonza unazoa kwa chepe. Sabuni na maji ni vya mwisho. Na mchanga upo, lundo zima. Ila baba mwenye nyumba akatoka na msuli: “Huo ni wa plasta!”

Tukautumia hivyohivyo. Tulipokwisha kuzoa, akaagiza utupwe chooni, choo kilekile cha shimo anachovutia sigara kila asubuhi. Nilijaribiwa kukubali. Tukaupeleka uwanjani, mbali na moto.

Watu hawahawa wa nyumba hii ndio walioomboleza Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia na madumu, likalipuka na kuua zaidi ya 100. Malori ya namna hiyo yanapita hapa kwetu kwenda Rwanda na Burundi. Kijana ananiambia likianguka mlima Sekenke yeye atachota “kidogo tu, mzee, ya kuendea mjini.”

Kodi ya mwezi huu imekuja na deni jipya: mchanga wa plasta. Tunagawana wapangaji wote.