Ngeli za Ilhamu: Jaribio la Uainishaji

Wataalamu wa sarufi wamezipanga nomino za Kiswahili katika ngeli, na mpaka leo wanagombana kuhusu idadi yake. Lakini hakuna aliyejitolea kuwapanga watu wanaodai kupata ilhamu kwa wasanifu wa picha na wachoraji. Makala haya yanaziba pengo hilo kwa kigezo kimoja: kilichoazimwa kimebadilika kiasi gani njiani?

Ngeli ya I-ZI ndiyo yenye wakazi wengi. Nomino zake, kama nguo na nyumba, hazibadiliki umbo ziwe moja au mia, na watu wake ni vivyo hivyo. Fundi wa kadi za harusi huipenda kadi ya mwenzake, akaifungua kwenye kompyuta, akafuta majina ya maharusi wa jana na kuandika ya wa kesho, basi. Vielelezo bora ni vile ambavyo alama ya mwenye picha bado imekatiza kifuani pa bibi harusi. Mtafiti mwenye haraka angewaita wezi. Mimi nasita, na kinachonisitisha ni kanga. Korosho ile iliyopinda shingo ina ndugu zake katika vitambaa vya Bara Hindi. Imechorwa na kuchorwa tena kwa vizazi, na sijasikia bibi aliyeikataa kwa sababu aliwahi kuiona mahali. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, lakini jina hilo si la aliyeichora. Zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa huandikwa pembeni kuwa ni mali ya Abdulla, na Abdulla ndiye mfanyabiashara mwenyewe. Aliyeshika kalamu hatajwi. Ni vigumu kumwibia jina mtu ambaye hakupewa nafasi ya kuliandika, ingawa nakiri hoja hii inawafurahisha mno mafundi wa kadi.

Ngeli ya KI-VI hudunisha. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vibao vya mraba kwa rangi ya kung'aa, akafariki 1972. Miaka minne ilimtosha kuzaa mtindo mzima. Chui wake sasa anaenea kwenye kishikio cha funguo. (Msomaji mkali atasema Tingatinga alikuwa mchoraji, si msanifu. Kweli. Aliyemtoboa chui tundu la kupitishia pete ndiye msanifu.)

Kinyume chake ni LI-YA, ngeli ya majitu. Humu wamo wachoraji wa matatu za Nairobi, ambao huchukua sura ya rapa kutoka jalada la albamu na kuitandaza ubavu mzima wa gari, jino moja likitosha dirisha. Kanuni za 2004, zilizobaki na jina la waziri John Michuki, zilileta mstari wa manjano na kuizima michoro kwa miaka kadhaa. Ikarudi, ikiwa kubwa zaidi. Kisayansi, hilo lilitarajiwa.

Ngeli ya A-WA ni ya viumbe hai, nayo ina watu wachache. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, alivutiwa na vikaragosi vya televisheni ya Ufaransa vilivyowatania wanasiasa wa huko. Angeweza kuvinakili. Badala yake, mwaka 2009 Kenya ikapata XYZ Show, ambamo vinyago vya mpira vilikuwa na nyuso na ulafi wa wakubwa wa hapa hapa. Hakuna mtazamaji aliyehitaji kuijua Paris ili acheke.

KU ni ngeli ya wanaotafuta. Kutafuta kwao kunaendelea. Simu zao zimejaa picha walizohifadhi, na hawajachora mstari. PA-KU-MU huamini kwamba ilhamu ni mahali, kwa hiyo huenda Zanzibar.

Linabaki tatizo la mteja. Yeye huja na picha kwenye simu na kusema, "Nifanyie kama hii, lakini isifanane." Nimejaribu kumweka katika kila ngeli, nikashindwa. Ngeli hutambulika kwa upatanisho, naye hapatani na chochote: rangi, bei, wala siku ya kuja kuchukua kazi yake.