Yah: Ombi la Kuongezewa Umri wa Gari

Kwa Wakubwa Mnaosimamia Moshi wa Magari,
Jimbo la California, Marekani.

Waheshimiwa,

Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu. Mgonjwa ni gari langu, Toyota Corolla ya mwaka 2001, rangi ya fedha iliyochuja, ambalo limefeli mtihani wenu wa moshi mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Asubuhi ya leo linarudi kituoni mara ya tatu, na usingizi umegoma kuja, basi nimeona niwaandikie.

Niruhusuni nieleze lilivyofeli mara ya kwanza, maana nilikuwapo. Nilitarajia kijana wa kituoni achomeke mpira kwenye ekzosi, apime, akunje uso. Wapi! Alifungua boneti, akainama kuchungulia uvunguni, akatazama kama kuna moshi unaoonekana kwa macho. Haukuonekana. Kisha akachomeka waya chini ya usukani na kuliuliza gari lenyewe: hujambo? Gari langu likajibu: sijambo kidogo tu, ninaumwa. Likataja na nambari ya ugonjwa wake, P0420. Mtihani ukaishia hapo.

Waheshimiwa, mimi nimekulia Tanga. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu "njema" hata kama amelala kwenye machela. Sikujua kwamba miaka yote hii nimekuwa nikiendesha gari lisilo na malezi.

Na hapo ndipo panaponiuma. Mwaka 2015 iligundulika kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen, mengine bado yananukia upya, yalikuwa yamefundishwa na walioyaunda kutambua kuwa yapo kwenye kipimo. Yakiona kipimo, yanatulia kama watoto mbele ya shehe. Yakirudi barabarani, yanatoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Duniani kote yalikuwa kama milioni 11. Wahandisi wa jimbo lenu walikuwa mstari wa mbele kuyaumbua, kampuni ikalipa mabilioni, nami nawapa hongera bila kejeli. Lakini kabla ya kuumbuliwa yalipita miaka kadhaa yakiitwa safi. Corolla yangu haikusomeshwa hivyo. Imeulizwa, imesema kweli, imefelishwa.

Fundi wangu ni mzee wa Oaxaca. Yeye Kihispania, mimi Kiswahili, na Kiingereza chetu hukutana katikati, kwenye vidole. Kueleza ile P0420, alinionyesha masega, lile dude la kusafisha moshi ambalo mafundi wa Dar wamelipa jina kwa vile ndani lina vitundu kama sega la nyuki. Mbele yake kuna sensa ya kupima moshi, nyuma yake kuna nyingine. Moshi ukiingia, ya mbele hupanda na kushuka kama mtu wa ngoma. Ya nyuma, masega yakiwa hai, hutakiwa kutulia. Kwenye gari langu zote mbili zilikuwa ngomani, tena kwa mdundo mmoja. Maana yake masega yamelala, yanapitisha tu.

Yamelazwa na nini? Na injini. Corolla za miaka ile zinajulikana kwa kunywa oili: ringi za pistoni zinaganda kwa masizi, oili inapenya na kuungua, na fosforasi iliyomo inayatia masega sumu kidogo kidogo. Kufunga masega mapya bila kugusa ringi ni kumvika kanzu nyeupe muuza mkaa. Basi ikawa ringi na masega, vyote viwili. Masega peke yake yalikuwa dola 1,400, kwa sababu hapa kwenu lazima yawe na nambari ya idhini ya jimbo iliyopigwa chapa kwenye bati. Gari zima nililinunua dola 1,800.

Msidhani napinga masega. Nimewahi kusimama kwenye gereji ya chini ya mti kule nyumbani nikamwona fundi akiyatoboa kwa nondo na nyundo "ili gari lipumue", na mwenye gari akashukuru na kulipa. Nimesubiri basi Ubungo nyuma ya lori la dizeli, nikarudi nyumbani na leso nyeusi. Tena nasikia Los Angeles yenyewe, Julai 1943, ilifunikwa na ukungu wa kuwasha macho hata watu wakadhani Wajapani wamewarushia sumu, na miaka kadhaa ikapita kabla mwanakemia Arie Haagen-Smit hajaonyesha kwamba ni moshi wao wenyewe ukipikwa na jua. Leo hewa ya jiji hilo imesafika hata milima ya San Gabriel naiona kutoka dirishani kwangu. Siku nyingi, angalau.

Kinachonishinda ni mara ya pili. Gari limetengenezwa, taa ya injini imezima, nimeenda kituoni natembea kwa maringo. Likachomekwa waya. Likajibu: sijui. Kumbe fundi alipochomoa betri, kumbukumbu ilifutika, na gari lililosahau habari zake hamlipi cheti. Linatakiwa liendeshwe mpaka lijikague lenyewe upya. Fundi akaniandikia masharti kama ya mganga: liwashwe likiwa limelala baridi, tangi lisijae wala lisipungue nusu, kisha mwendo wa maili 50 kwa saa, dakika kumi na zaidi, bila kukanyaga breki.

Bila breki! Los Angeles! Ndiyo maana jana saa tisa usiku nilikuwa kwenye barabara kuu namba 10 kuelekea San Bernardino, maili 50 juu ya alama, mikono miwili kwenye usukani kama mwanafunzi wa udereva. Malori yalinimulika mgongoni, yakanipigia honi, yakanipita. Kwenye kiti cha abiria nimekiweka kijikompyuta cha kulisoma gari alichoniazima fundi, nakitupia jicho kama mama anayesubiri mtoto acheue. Nilipokaribia mji wa Ontario, mstari wa masega ukageuka: tayari. Nilipiga kelele peke yangu garini. Nimechoma galoni mbili na ushee za petroli kuthibitisha kwamba sichafui hewa.

Sasa ombi lenyewe. Sheria yenu inayasamehe kabisa magari ya petroli ya kabla ya 1976. Jirani yangu ana Chevrolet ya 1967. Akiiwasha Jumapili, mke wangu hukimbilia kuanua nguo. Haipimwi, ni historia. Magari mapya nayo yanasamehewa miaka minane ya kwanza, ni watoto. Mwaka 2025 palikuwa hata na muswada wa kuwasamehe wazee wa miaka 35 wanaotunzwa kwa mapenzi ya wakusanyaji, ukakwama. Aliyebaki kupimwa ni yule wa katikati, anayeamka saa kumi na moja kumpeleka mtu kazini.

Kwetu wachezaji wa timu za vijana wana sifa ya kupunguza umri. Mimi naomba kinyume chake: niongezewe. Miaka 26 tu, liandikwe la 1975. Cheti cha kuzaliwa nitakileta mwenyewe. Katika ukoo hakukosi mwenye mhuri.

Najua mna mpango wa kulinunua kwa zaidi ya dola elfu moja ili likasagwe. Nashukuru kwa mkono wa pole, lakini marehemu bado anatembea. Ningelipeleka nyumbani likapate heshima, ila usukani wake upo kushoto, na wajomba zangu wangeniuliza nimewaletea kioo cha kujitazamia ama gari.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu mtiifu,
Mwenye Corolla.

N.B. Bahasha ilikuwa bado wazi. Nimetoka kituoni sasa hivi: limefaulu. Cheti chenu ni dola 8.25, bei pekee katika safari nzima niliyoilipa bila kuomba kupunguziwa. Kijana alichomeka waya, akaliuliza hali, nalo likajibu: njema. Sijui limepona, au limeshakaa na Mswahili vya kutosha.