Sifa za Dalali wa Magari

Fani ya kusifu imewatumikia kwa karne nyingi wafalme, mashujaa na mabibi harusi, watu ambao hata bila kusifiwa wangeishi vyema, na ni mara chache imemgeukia yule anayezihitaji sifa kwa kuwa hakuna anayempa. Katika miji ya Afrika Mashariki hakuna anayestahili kufidiwa upungufu huo kuliko dalali wa magari yaliyotumika. Kwa jina la dalali hapa inakusudiwa jamii nzima ya watu wanaosimama kati ya gari na mnunuzi wake: mwenye yadi, yaani uwanja wenye uzio ambamo magari hupangwa kusubiri wateja, muuzaji aliyeajiriwa humo, na yule asiye na uwanja wala ofisi, ambaye mtaji wake ni simu, picha za magari ya watu wengine, na mdomo. Wote hao husemwa vibaya na watu wale wale ambao, wakitaka gari, huwakimbilia wao kabla hawajamtafuta fundi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lawama hizo hazina msingi, kwa kuwa dalali huuza bidhaa ambayo mteja anaihitaji kuliko gari lenyewe.

Kwa desturi, sifa huanza na nasaba. Nasaba ya dalali inaanzia Japani, nchi ambayo magari yake, sawa na ya Tanzania, Kenya na Uganda, hupita upande wa kushoto wa barabara na huwa na usukani kulia, na ambako gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 2, kwa gharama zinazowafanya wenyewe wengi waone nafuu kuuza kuliko kuendelea kukagulisha. Magari hayo hupelekwa mnadani, ambako mkaguzi hujaza karatasi ya kila gari, akiweka tarakimu kwa hali yake ya jumla na herufi R kwa lile lililowahi kugongwa na kutengenezwa, halafu hupakiwa melini kuja Mombasa na Dar es Salaam. Ajabu ya safari hiyo ni kwamba gari zima, pamoja na vioo na taa zake, huvuka bahari salama, lakini karatasi yake ya mnada, ambayo haina uzito wowote, mara nyingi haifiki yadi. Wachongezi huiona hapo hila. Msomaji mwenye adabu ataona huruma ya dalali, asiyependa mgeni aliyekuja nchini kuanza maisha mapya aandamwe na kumbukumbu za ajali zake za zamani. Huruma hiyo hiyo hujitokeza katika mita ya kilomita, chombo kinachohesabu mwendo wa gari tangu lilipotoka kiwandani, ambacho kwa wahesabuji wa kawaida husonga mbele tu, lakini kwa dalali aliyekamilika huweza kusonga pande zote mbili.

Serikali nazo zimeushughulikia umri wa magari, kila moja kwa njia yake: Kenya haikubali kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8; Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliyafungia mlango yaliyotimiza miaka 15; na Tanzania huyapokea yaliyozidi miaka 8 kwa kuyatoza ushuru wa ziada. Ikilinganishwa na kanuni hizo nzito, njia ya dalali wa Dar es Salaam ni nyepesi, maana yeye hupima umri kwa herufi moja. Namba ya usajili ya gari la Tanzania ina T, tarakimu tatu na herufi tatu, na ya kwanza kati ya hizo tatu imekuwa ikipanda tangu A hadi E kadiri usajili ulivyoendelea, ndiyo sababu sokoni husemwa kwamba gari fulani ni "namba C" na jingine ni "namba E". Kwa kweli herufi hiyo hueleza wakati gari lilipoandikishwa nchini, wala haielezi lilipoundwa, hivyo gari la mwaka 2004 lililoshuka bandarini juzi huitwa namba E, ilhali mdogo wake wa mwaka 2010 aliyetangulia kufika hubaki na namba D na kuuzwa kwa bei ya mzee. Dalali hakuubuni mkanganyiko huo. Ameukuta kwa wateja, ambao hununua herufi kwa ajili ya macho ya majirani, naye, kwa unyenyekevu, hukataa kuwasahihisha watu waliomzidi fedha.

Katika ufasaha hana mpinzani. Wahenga waliposema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, walikuwa wameifuta kazi yake kwa sentensi moja, naye huwajibu kila siku kwa kukitembeza kizuri na kukiuza kibaya. Lugha yake ni ya mkato, na kila fungu la maneno humbebea mteja faraja kubwa. Akisema "ni kuweka mafuta na kuondoka", huwa amefupisha ripoti nzima ya fundi ambayo haikuandikwa. Akisema gari lilikuwa "la mama", mteja huona mbele yake dereva mpole aliyekwenda sokoni na kanisani tu, na hasahau kwamba kuna akina mama wanaosafirisha ndizi hadi mkoa wa tatu. Basi tu hapendi kuwakumbuka wakati huo. Akisema "mwenyewe anasafiri", bei huonekana imeshuka kabla ya kutajwa. Na akisema "bei inaongeleka", huwa ametamka ukweli mtupu, kwa kuwa itaongelewa sana, na jambo ambalo halitaongelewa ni "cha juu", jina la kiasi anachokiongeza yeye juu ya bei aliyoitaka mwenye gari na kukitia mfukoni mbali na ujira wake ulio wazi. Wapo wanaokilaumu cha juu kwa kuwa ni cha siri. Hao wamesahau kwamba sadaka iliyo bora ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui imetolewa na wa kulia, na hapa mtoaji mwenyewe hajui kwamba ametoa.

Elimu ya dalali haikupatikana darasani, ila inahusu somo gumu kuliko mengi yanayofundishwa huko, nalo ni mtu. Mteja hajafika kwenye gari tayari amesomwa: kijana mwenye funguo za gari jingine mkononi huitwa bosi, mwenye mvi huitwa mzee wangu, na aliyekuja na familia haitwi chochote, bali milango ya nyuma hufunguliwa watoto waingie wakae, maana mtoto aliyekwisha kuchagua kiti chake ni wakili asiyelipwa. Baada ya hapo huulizwa swali linaloonekana la heshima, kwamba bosi amejipanga na kiasi gani, na tangu jibu litolewe mazungumzo hayahusu tena thamani ya gari, yanahusu uwezo wa mteja. Akisitasita, huombwa aache "kishika uchumba", yaani arubuni ndogo ya kulizuia gari lisiuzwe kwa mwingine, na fedha hiyo, hata ikiwa kidogo, hufanya kazi ambayo hoja zisingeiweza, kwa sababu mtu akishalipa sehemu huanza mwenyewe kuzitafuta sababu za kulipa iliyobaki.

Lakini tendo linalomstahilisha dalali utenzi ni ubadilishaji wa gari kwa gari, ambapo mteja hulikabidhi gari lake la zamani na kulipa nyongeza, yaani tofauti kati ya thamani yake na bei ya gari analolichukua. Ichukuliwe kwa mfano kwamba gari la yadi lingeuzwa kwa fedha taslimu shilingi milioni 24, na la mteja lingeuzwa milioni 11, hivyo nyongeza ya haki ni milioni 13. Dalali hufungua kwa milioni 27 kwa gari lake, akalithamini gari la mteja milioni 8 kwa uso wa mtu anayesikitika. Mteja aliyelipenda gari lake la zamani huumia, na kwa muda wa saa mbili hulipigania kama anayemtetea ndugu, akitaja matairi mapya na redio, huku dalali akipandisha shingo upande hadi 9, hadi 10, akipiga simu ya kumwomba mkubwa wake ambaye huenda hayupo, na mwishowe akikubali milioni 12, moja zaidi ya bei ya soko. Kuhusu gari lake mwenyewe hupunguza kwa heshima hadi milioni 26 na nusu. Mteja huondoka akiwa amelipa nyongeza ya milioni 14 na nusu, na mtaani husimulia kwamba gari ambalo wenzake waliambulia milioni 11 yeye aliliuza 12. Hadithi hiyo ni ya kweli kabisa, na imemgharimu milioni moja na nusu tu. Kama mteja amekopa, upo mfuko wa tatu wa kuchezea, kwa kuwa malipo ya kila mwezi yanaweza kupunguzwa kwa ukarimu mkubwa huku idadi ya miezi ikiongezwa bila kelele.

Atakayeuliza kwa nini dalali alianza na milioni 8 kwa gari zuri atajibiwa na elimu ya uchumi. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, akionyesha kwamba pale muuzaji anapokijua kitu kuliko mnunuzi, mnunuzi hulazimika kukisia na kutoa bei ya gari la wastani, kwa hiyo wenye magari mazuri hujitoa sokoni na mabovu hubaki. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Katika ubadilishaji wa magari, anayelijua gari la zamani ni mteja. Ndiye aliyeosha injini asubuhi hiyo ili uvujaji wa oili usionekane, ndiye aliyeipasha moto kabla ya kufika ili isigome kuwaka, na ndiye aliyeongeza sauti ya redio wakati wa majaribio ili mlio wa magurudumu ya mbele usisikike. Dalali, ambaye hawezi kujua ni nani kati ya wateja wake ni mkweli, huwakata wote bei kwa kipimo kimoja, na ni vigumu kuona haki iliyo sawa zaidi ya hiyo, ambayo ndani yake mkweli hulipia uongo wa waliomtangulia bila kubaguliwa.

Washtaki wake hukimbilia sheria. Ni kweli kwamba sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania, zilizochukua mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, humdai mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili kuuzwa. Lakini zinaongeza kwamba mnunuzi aliyeikagua bidhaa hana dai kwa kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua, na hiyo ndiyo sababu dalali husisitiza kwa ukarimu kwamba mteja alitazame gari mwenyewe, alizunguke, aliwashe. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu huambiwa, tena mara tatu. Fikihi ya Kiislamu, inayojulikana vyema pwani, ni kali zaidi, maana humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu kwa aibu iliyokuwamo kabla ya mauzo bila yeye kuijua, na humtaka muuzaji aitaje. Dalali huitaja. Husema gari "lina vitu vidogo vidogo", na katika maneno hayo manne giaboksi inayoteleza, rejeta iliyozibwa kwa gundi na kadi yenye jina la mtu wa nne kutoka nyuma hupata nafasi bila kubanana.

Inabaki kumlinganisha na mshindani wake, duka lenye bei isiyojadiliwa, ambalo mtu huingia, akasoma kibandiko, akalipa na kutoka. Humo mteja hupata kitu kwa bei yake na kwa hakika fulani, lakini hapati ushindi, na hana la kusimulia. Dalali huuza vyote viwili kwa pamoja, na kwa kuwa gari hupungua thamani tangu siku ya kwanza ilhali simulizi ya ushindi huzidi kunona kila inaporudiwa, ni dhahiri ni kipi kati ya hivyo kilicholipiwa ile milioni moja na nusu. Mteja mmoja tu humtia hofu: yule aliyekwisha kuuliza bei za magari yote mawili kwingine, aliyekuja na fundi, asiyetaka kujua gari lake limethaminiwa kiasi gani wala lile la yadi limepunguzwa kiasi gani, bali huuliza nyongeza tu, na jibu likimzidi huaga na kwenda zake. Mtu huyo hulipa pungufu, humaliza mapema, na kwa gharama hiyo hukosa kusifiwa kwa ujanja na muuzaji anayemshika mkono akilalamika kwamba leo amekula hasara. Ni wachache walio tayari kununua gari bila sifa hizo, na maadamu ni wachache, dalali ataendelea kuzitoa, nao wataendelea kuzilipia.