Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Ikama, Katika Kuwashukuru kwa Maabara Isiyo na Mtu

Waheshimiwa Wasimamizi wa Ikama za Shule za Serikali,

Nawaandikia waraka huu si kwa kulalama, hasha, bali kwa kutoa shukrani zilizochelewa. Kwani zipo nchi zenye mali kuliko yetu ambazo zingali zinatapanya fedha kwa kuajiri mafundi wa kuangalia kompyuta za shule, ilhali ninyi mmekwisha kugundua ya kuwa mashine hizo, zikifungiwa ndani na kufunikwa vitambaa, hujitunza zenyewe.

Kwa upande wa vyombo, haki ya Mungu, hatuna la kuwadai. Tangu ilipotungwa mwaka 2006 sheria ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, shule nyingi za serikali zimeletewa kompyuta, na walimu kadha wa kadha wamepelekwa vyuoni kufunzwa. Na sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi, iliyotolewa mwaka 2007, haikusahau kuwataja watu. Karatasi, basi, haina taksiri. Hikima ya ziada imo katika ikama, ile orodha tukufu isemayo shule yastahili watumishi wangapi na wa kazi gani: maabara ya kemia ina fundi sanifu wake, walau kwa maandishi, na maabara ya kompyuta ina kufuli.

Nimechunguza jinsi msimamizi wa chumba hiki anavyopatikana, nikaona hapana usaili wala cheti. Mwalimu kijana wa Jiografia humsaidia mkuu wa shule kuifufua simu yake iliyojaa picha za harusi, na kabla jua halijatua amekwisha kuwa mkuu wa TEHAMA, fauka ya vipindi vyake, zamu ya wiki na bustani ya mboga. Semina ikitokea haendi yeye; huenda mwenye cheo, madhali posho ni jambo la heshima na haifai kuachiwa kijana. Na ikisadifu kwamba kijana ndiye aliyekwenda, akafunzwa akafuzu, barua ya uhamisho humfikia kwa kasi ambayo malimbikizo ya mshahara wake hayajapata kuiona, naye huondoka na neno la siri la mashine kichwani, akaripoti katika shule ambayo nguzo za umeme zimesimama mlangoni zikingoja waya.

Niruhusuni niwasimulie kisa cha betri, maana humo ndimo ilimodhihirika tadbiri yenu. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara, ukubwa wake kama kifungo cha koti, ambayo kazi yake ni kuitunzia mashine saa na tarehe wakati umeme umekatika. Betri hii hufa baada ya miaka michache, na hufa upesi zaidi pale ambapo nyaya huchomolewa na mashine ikaachwa hivyo muhula mzima. Ikifa, kompyuta huamka kila asubuhi ikiamini ya kuwa ipo katika mwaka ilipoundwa, au kabla yake. Na kurasa za intaneti, ambazo hati zake za usalama huwa na tarehe ya kuanza na ya kwisha, hukataa kufunguka, kwa kuwa kwa hesabu ya mashine hiyo hati zenyewe hazijatolewa bado. Dawa yake ni betri nyingine, bisibisi, na dakika chache za mtu ajuaye. Lakini kwa kuwa mtu hayupo, shule hukaa kikao, muhtasari huandikwa, mashine hutangazwa kuwa imekufa na kuingizwa katika daftari la vifaa chakavu, kisha huombwa mpya, nanyi kwa ukarimu usio kifani mkazileta, kila moja na betri yake ndani.

Ya vumbi na virusi nayaacha. Wanafunzi hawakosi elimu: wamechora kibodi na mausi katika madaftari, wakazitaja sehemu zake kwa ghaibu.

Wapo wachochezi wasemao ya kuwa fundi mmoja angeweza kuzungukia shule zote za kata, na kwamba yule mwalimu wa Jiografia angepunguziwa vipindi ili aone hata uso wa mashine anazozisimamia. Husema pia, na hapo huzidi kuudhi, ya kwamba vijana wenye stashahada za kompyuta wamejaa katika vibanda vya steshenari ng'ambo ya barabara, na kwamba shule zenyewe huwapelekea mitihani yao wawachapie, karatasi kwa fedha, huku maabara imefungwa hatua chache kutoka hapo. Mimi siwasikilizi. Tukimwajiri kijana mmoja wao, nani atachapa mitihani?

Ikiwa shehena nyingine i njiani, msijisumbue kumwandikia mkuu wa shule yetu, ambaye aghalabu yu kikaoni. Mwandikieni mlinzi. Ufunguo wa maabara anao yeye, anajua ni dirisha lipi lavuja, na mshahara wake hauwagusi ninyi hata kidogo, kwa kuwa tunaomlipa ni sisi wazazi.

Wa salaamu,

Mzazi, mtiifu kwenu