Mfugo Asiyejipendekeza

Ngamia amesifiwa, farasi amesifiwa, hata paka anayekojolea zulia ana watetezi wake. Sisimizi moto mwekundu hana aliyemtungia ubeti, ilhali wapo watu huko Texas na Florida wanaomfuga kwa hiari yao, sebuleni, kando ya televisheni. Nimejitolea kumsemea.

Tuanze na mahari, maana haitozwi. Anayetaka mbwa wa ukoo hukopa benki; anayemtaka huyu hungoja mvua ikatike na jua litoke, ndipo majike wenye mabawa wanaporuka kuolewa hewani. Wakishuka, huyakata mabawa yao wenyewe. Unamwokota bibi arusi mmoja, unamtia katika kichupa chembamba chenye maji yaliyozibwa kwa pamba, unamweka gizani, basi. Hadai chakula. Misuli ya mabawa asiyoyahitaji tena inayeyuka mwilini mwake, naye huitumia kuwalisha wanawe wa kwanza. Mume alishakufa baada ya arusi, kwa hiyo hakuna kesi ya matunzo.

Kundi likikomaa hupita watenda kazi 200,000, wote mabinti, na hakuna anayeuliza zamu ya nani kuosha vyombo. Ajabu kubwa iko jikoni. Mkubwa hawezi kumeza kitu kigumu, hivyo kipande cha panzi huwekwa kifuani pa buu aliyekaribia kukomaa, karibu na mdomo. Buu hukilainisha kwa mate yake, kisha wakubwa hunyweshwa mchuzi na mtoto. Mimi nimeona nyumba ambamo mtoto wa miaka ishirini hajui kuwasha jiko.

Wenye husuda watataja mwiba. Justin Schmidt, Mmarekani aliyejulikana kwa kupima maumivu ya wadudu kwa ngozi yake mwenyewe, alimpa daraja la 1 katika mizani inayoishia 4. Unyenyekevu ulioje! Ni kweli hashiki mara moja akaondoka: hung'ata kwa meno ili asiteleze, huchoma, hujizungusha, huchoma tena, na kesho yake vipele vyenye usaha vimejipanga duara. Ni kweli pia kwamba haji peke yake. Lakini paka hukulalia mapajani kwa ajili ya samaki, na huyu hajawahi kukudanganya kwamba anakupenda.

Wala si mtu wa mitaani asiye na historia. Alitoka Amerika Kusini, akashuka katika bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930. Mwaka 1942 mvulana wa miaka 13 alimkuta karibu na kwao. Mvulana huyo, Edward O. Wilson, akaja kuwa bingwa wa sisimizi pale Harvard. Mwaka 1958 serikali ya Marekani ikamwekea sisimizi huyu karantini, hadhi ambayo hakuna sungura aliyeipata: udongo na majani makavu havitoki katika maeneo yake bila masharti. Ndege zikamwaga sumu mashambani, na mwandishi Rachel Carson akaikemea kampeni hiyo katika kitabu chake cha 1962. Ndege wenye manyoya walikufa. Sisimizi yupo. Kimbunga Harvey kilipoifurikisha Houston mwaka 2017, alishikamana na nduguze wakawa chelezo, malkia na watoto wakiwa salama, wakaelea hadi pakavu.

Hata kwetu Kenya hobi hii imepata muhuri wa mahakama. Mwaka 2025 watu wanne walitozwa Nairobi faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, kwa kutaka kuwatorosha maelfu ya sisimizi waliofungwa katika vichupa na pamba. Wengi wao walikuwa wale wekundu wavuna mbegu, wapole kiasi chao. Ikiwa mpole amefikia bei hiyo, mkali wetu angethaminiwa vipi?

Limebaki suala la ukuta. Ukingo wa kasha hupakwa poda ya talki iliyokorogwa na spiriti, ikaachwa ikauke, ili miguu iteleze. Mfugaji aikague kila hewa inapokuwa nzito, kwani unyevu huibandua. Asubuhi akikuta kasha tupu asihangaike chini ya kitanda; azime kwanza umeme, kisha afungue kiyoyozi, maana sisimizi moto wanapenda sana umeme, na kabla hajagusa nyaya avae glavu.