Kati ya Maji na Pilau

Siku ya ubatizo ikiharibika, lawama zote huwaendea akina mama wa jikoni: pilau imechelewa, nyama haikutosha, wali umeshika chini. Mimi nawatetea. Ukifuatilia mikosi ya siku hiyo utaona kwamba karibu yote hutokea katika pengo moja, kati ya mtu kutoka majini na sahani kumfikia mkononi, na pengo hilo huchimbwa na wazee wenye kipaza sauti. Chukua makanisa ya Dar es Salaam yanayobatiza baharini. Bahari hujaa na kupwa mara 2 kwa siku, wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na saa zake husogea mbele kwa dakika kama 50 kila siku. Mvuvi yeyote wa Feri anayajua hayo; kamati ya ubatizo, aghalabu, haina habari. Mahubiri yakinoga yakapitiliza saa mbili, maji yaliyokuwa ya kiunoni yameshaondoka zake, na wabatizwa wanaifuata bahari kwa miguu, kanzu nyeupe wamezikunja magotini, wakitafuta kina cha kumzamisha mtu mzima. Mkosi huo ni wa kucheka ukapita. Balaa lenyewe huanza wakisharudi ufukweni, kanzu zimewaganda mwilini, wakaambiwa wakae kidogo kuna salamu za wageni.

Salamu huzaa taarifa ya mhazina, taarifa ikazaa mnada wa sadaka, na jogoo mmoja akanadiwa weee na watu ambao pua zao zimeshahamia kwenye bizari nyembamba. Mbatizwa anatetemeka. Sufuria iliyokuwa tayari inaongezewa makaa juu ya mfuniko, wali unakauka, ukoko unanenepa, kisha mpishi ndiye anayesemwa. Maandiko hayaujui utaratibu huu. Katika Matendo ya Mitume, mlinzi wa gereza la Filipi alibatizwa usiku ule ule pamoja na watu wa nyumbani mwake, akaandaa meza. Sauli, baada ya siku 3 bila kula wala kunywa, alibatizwa akala. Katikati hapo hakuna aliyesoma risala.

Msomaji makini atanirudi kwa Paulo: si yeye aliyewaagiza Wakorintho wangojeane, baada ya kusikia kwamba kwenye mlo wao mmoja hubaki na njaa na mwenzake amelewa? Ndiye. Lakini aliwataka waliotangulia kufika wawangojee wenzao; hakusema wote kwa pamoja wamngoje mhazina. Wapo pia watakaodai kwamba siku ya kuzaliwa upya si siku ya tumbo. Didake, andiko la mafundisho la Wakristo wa mwanzo, linaagiza mbatizwa afunge siku 1 au 2, ila kabla ya maji. Halisemi popote kwamba akitoka majini aendelee kungoja na njaa. (Tena lina huruma kuliko kamati zetu: maji baridi yakishindikana, linaruhusu ya moto.)

Hoja nzito zaidi husemwa chinichini: wakishakula, wataondoka. Anayesema hivyo amekiri kwamba pilau imewekwa rehani ili matangazo yapate wasikilizaji. Na hofu yenyewe haina mashiko, kwa kuwa anayenuia sahani ya pili haendi popote. Foleni itakuwa na vurugu zake, sikatai. Wale wanaume 7 wa Yerusalemu, ambao mapokeo huwaita mashemasi wa kwanza, walichaguliwa kwa sababu wajane fulani walikuwa wakirukwa katika mgao wa kila siku. Basi mashemasi wasimame kwenye mwiko, na mhazina asome hesabu zake watu wakinyonya mifupa. Atasikilizwa kwa utulivu asioujua, maana sioni ni nani atakayeweka chini finyango la nyama ili anyooshe mkono kuuliza swali.